Warburg: Aliyegundua ulafi wa saratani, akakosea chanzo chake

MWANASAYANSI Mjerumani Otto Heinrich Warburg alipofariki mjini Berlin mnamo Agosti 1, 1970, akiwa na umri wa miaka 86, watafiti wengi wa saratani waliona kuwa nadharia yake kuu ilikuwa imemtangulia kaburini. Kwa karibu nusu karne alikuwa ameshikilia kwamba ugonjwa huo hutokana na hitilafu katika jinsi seli inavyotumia chakula na oksijeni. Wakati huo macho ya wataalamu yalikuwa yamegeukia virusi na jeni, na mzee huyo aliyekataa hata kula mkate wa dukani alionekana kama mtu wa enzi iliyopita.

Zaidi ya miaka 50 baadaye, jina lake limerudi katika maabara. Linatajwa sana katika utafiti wa saratani ya utumbo mpana na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo. Kulingana na takwimu za kimataifa za 2022, saratani hiyo iliwapata watu takriban milioni 1.9 ulimwenguni katika mwaka huo mmoja na kuwaua zaidi ya 900,000.

Hata hivyo, jina hilo limerudi pia vinywani mwa wachuuzi wa maji, poda na lishe za ajabu, wanaodai kwamba Warburg alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kugundua chanzo cha saratani na kwamba siri hiyo imefichwa. Madai hayo hayana ukweli. Historia ya maisha yake inaonyesha alichokiona kwa usahihi, alichokikosea, na kwa nini tofauti hiyo ni muhimu kwa mgonjwa wa leo.

Warburg alizaliwa Oktoba 8, 1883 katika mji wa Freiburg, kusini magharibi mwa Ujerumani. Baba yake, Emil Warburg, alikuwa profesa mashuhuri wa fizikia aliyetoka katika ukoo wa Kiyahudi lakini akawa Mkristo wa Kiprotestanti. Mama yake, Elisabeth, alitoka katika familia ya Kiprotestanti. Asili hiyo ya upande wa baba, ambayo kijana huyo hakuipa uzito wowote, ingekuja kumwandama miaka mingi baadaye.

Mnamo 1895 Emil alipata kazi ya uprofesa mjini Berlin na familia ikahamia huko. Nyumbani kwao hapakukauka wageni wa sayansi, na kijana Otto alikua akisikiliza mazungumzo ya watu waliokuwa wakibadilisha fizikia na kemia. Si ajabu basi kwamba aliamini tangu mapema kuwa siri za uhai zingefumbuliwa kwa vipimo vya fizikia na kemia, wala si kwa maneno matupu.

Alisomea kemia chini ya Emil Fischer, mshindi wa Nobel ya kemia ya 1902, na kupata shahada ya udaktari mjini Berlin mnamo 1906. Hakutosheka. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Heidelberg kusomea utabibu, akahitimu mnamo 1911. Nia yake ilikuwa moja: kuishinda saratani, ugonjwa ambao madaktari wa zama hizo hawakuwa na silaha dhidi yake ila kisu cha upasuaji na miale.

Akiwa bado mwanafunzi wa utabibu, alisafiri hadi kituo cha utafiti wa bahari mjini Naples, Italia. Hapo mnamo 1908 alichunguza mayai ya yule mnyama wa baharini wa mviringo, mwenye miiba kama nungunungu. Aligundua kwamba yai likisharutubishwa, oksijeni linayoivuta huongezeka hadi mara sita. Kwa Warburg, maana ya jambo hilo ilikuwa wazi. Seli inapoanza kukua na kugawanyika, hupumua kwa nguvu zaidi. Akajenga matarajio kwamba uvimbe wa saratani, ambao hukua bila breki, nao ungeonekana kupumua kwa kasi kubwa.

Kabla hajapata nafasi ya kuthibitisha dhana hiyo, Vita vya Kwanza vya Dunia vilizuka mwaka wa 1914. Warburg alijiunga na kikosi cha wapanda farasi, akapigana upande wa mashariki, akajeruhiwa na kutunukiwa nishani ya Msalaba wa Chuma. Mapenzi yake kwa farasi hayakumwisha hadi uzeeni.

Mnamo 1918, jamaa zake waliokuwa na hofu kwamba angeuawa vitani walimwomba rafiki wa familia amwandikie barua. Rafiki huyo alikuwa Albert Einstein. Einstein alimsihi kijana huyo arudi maabarani, akimkumbusha kuwa askari mwingine angeweza kushika nafasi yake mstari wa mbele, ilhali kipawa chake cha sayansi hakikuwa na mbadala wa haraka. Warburg alirejea Berlin na kuanza kazi katika taasisi ya Kaiser Wilhelm mtaani Dahlem.

Hapo ndipo alipobuni mbinu iliyompa umaarufu. Alikata vipande vya nyama ya mwili kwa wembe, vyembamba kuliko nusu milimita, ili oksijeni iweze kupenya hadi ndani na seli ziendelee kuishi. Kisha alivitumbukiza katika vichupa vilivyounganishwa na mirija ya kupimia shinikizo la gesi. Kioevu kilipopanda au kushuka ndani ya mrija, aliweza kujua ni oksijeni kiasi gani kilichotumika na ni asidi kiasi gani iliyotolewa. Chombo hicho kilienea katika maabara za ulimwengu na kutumika kwa miongo kadhaa.

Kuanzia 1923 aliviweka katika vichupa hivyo vipande vya uvimbe wa saratani kutoka kwa panya. Alitarajia kuona upumuaji mkali kama ule wa mayai ya Naples. Hakuuona. Uvimbe huo haukuvuta oksijeni kuliko nyama ya kawaida. Badala yake, ulibugia glukosi, yaani sukari ya damu, kwa wingi wa kushangaza na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki.

Asidi ya laktiki si kitu kigeni jikoni. Ndiyo inayoyatia maziwa lala ule uchachu wake. Misuli ya mwanariadha anayekimbia kwa kasi hadi hewa ikampungukia pia huitoa. Lakini misuli hufanya hivyo kwa dharura. Warburg aliona kwamba uvimbe huendelea kuchachusha sukari hata pale ambapo oksijeni ni tele.

Huo ni ubadhirifu. Seli ya kawaida ikiichoma glukosi hadi mwisho kwa kutumia oksijeni, hupata nguvu zaidi ya mara 10 kuliko ikiichachusha tu. Seli ya saratani hufanana na mpishi anayechoma mzigo mzima wa kuni ili kuchemsha birika moja la chai. Jambo hilo, ambalo wanasayansi hulipa jina la mwanasayansi huyo, limethibitishwa mara nyingi tangu wakati huo.

Warburg hakuishia katika kuona. Alitaka pia kueleza. Alihitimisha kuwa mtambo wa kupumua wa seli hizo umeharibika. Kwa maoni yake, seli iliyopoteza uwezo wa kupumua vizuri hulazimika kuchachusha ili iishi, na huko kulazimika ndiko kunakoifanya kuwa saratani. Kwa maneno mengine, aliamini kuwa ubadhirifu ule si dalili ya ugonjwa bali ndio asili yake.

Wakati huohuo alikuwa akitafuta jinsi seli yenye afya inavyopumua. Alibaini kuwa gesi ya kaboni monoksidi, ile inayowaua watu wanaolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, husimamisha upumuaji wa seli, na kwamba mwanga huweza kuiondolea gesi hiyo nguvu. Kwa kupima ni mwanga wa rangi gani uliofanya kazi zaidi, alitambua kwamba kimeng'enya kinachoipokea oksijeni ndani ya seli kina madini ya chuma.

Ni kwa kazi hiyo ya kimeng'enya cha upumuaji ndipo alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mnamo 1931. Tuzo hiyo haikuhusu chanzo cha saratani, wala haikuhusu maji au vyakula vya kupunguza asidi mwilini. Wanaoitaja kama ushahidi wa biashara zao hutumia jina la marehemu kwa jambo ambalo hakutuzwa.

Mwaka huo huo alifunguliwa taasisi yake mwenyewe ya fiziolojia ya seli mtaani Dahlem, iliyojengwa kwa fedha za wakfu wa Rockefeller wa Marekani. Jengo lilifanana na kasri dogo la mashambani, kwa sababu yeye mwenyewe alipenda mtindo huo. Aliwapenda mafundi waliofunzwa mikononi mwake kuliko wasomi waliojaa shahada, na alitaka kazi ianze mapema na kuendelea siku 6 kwa juma.

Alikuwa mwalimu mkali, lakini matunda ya ukali huo hayakufichika. Hans Krebs, aliyekuwa msaidizi wake kati ya 1926 na 1930, baadaye alifafanua mzunguko wa kemikali ambao seli hutumia kuchoma chakula, akapata Nobel mnamo 1953. Hugo Theorell wa Uswidi, ambaye pia alipitia mikononi mwake, alituzwa mnamo 1955. Krebs ndiye aliyekuja kuandika kitabu cha maisha ya mwalimu wake.

Adolf Hitler alipotwaa mamlaka mnamo 1933, wanasayansi wenye asili ya Kiyahudi walianza kufukuzwa kazini. Krebs alikimbilia Uingereza mwaka huo. Otto Meyerhof, mshindi mwingine wa Nobel aliyewahi kufanya kazi na Warburg, alitoroka Ujerumani mnamo 1938. Kwa sheria za ubaguzi za 1935, Warburg mwenyewe alihesabiwa kuwa nusu Myahudi. Isitoshe, maisha yake ya faragha yangeweza kumtia mashakani: hakuoa, na tangu 1919 aliishi na Jakob Heiss, aliyemsimamia nyumba na baadaye shughuli za taasisi.

Pamoja na hayo yote, alikataa kuondoka. Aliiona taasisi yake kama uhai wake, na hakutaka kuanza upya ugenini. Mnamo 1941 alifutwa kazi, lakini baada ya wiki chache amri kutoka ofisi ya Hitler ikamrejesha ili aendelee na utafiti wa saratani. Wanahistoria wengi wanaamini kuwa woga wa saratani ndani ya uongozi wa Wanazi ulichangia kumwokoa. Mamake Hitler, Klara, alikuwa ameuawa na saratani ya matiti mwaka wa 1907.

Uamuzi wake wa kubaki haujaacha kuzua maswali. Kuna wanaomwona kuwa mtu aliyependa sayansi kupita kiasi hata akakubali kufanya kazi chini ya utawala uliowaangamiza watu wa ukoo wa baba yake. Wengine husema hakuwahi kuwa mfuasi wa Wanazi na hakuficha dharau yake kwao. Lililo bayana ni kwamba alinusurika mahali ambapo mamilioni hawakunusurika, na kwamba ugonjwa aliouchunguza ndio uliokuwa ngao yake.

Mnamo 1943, mabomu yaliponyesha Berlin, aliihamishia taasisi yake Liebenberg, mashambani kaskazini mwa jiji. Vita vilipoisha mnamo 1945, wanajeshi wa Muungano wa Kisovieti walichukua vifaa vyake. Mtu aliyekuwa na maabara ya kutamaniwa na wengi akabaki bila kichupa. Ilimlazimu kusubiri hadi 1950 ndipo taasisi ikafunguliwa tena Dahlem, sasa chini ya shirika la Max Planck.

Katika kipindi hicho cha subira alikwenda Marekani, ambako tabia yake ya kutokubali kushindwa ilidhihirika. Alibishana vikali na Robert Emerson, aliyekuwa mwanafunzi wake hapo awali, kuhusu kiasi cha mwanga ambacho mmea huhitaji ili utengeneze oksijeni. Warburg alisema ni chembe 4 tu za mwanga kwa kila molekuli ya oksijeni. Emerson alisema ni karibu maradufu ya hizo au zaidi. Historia imempa Emerson haki, lakini Warburg hakukubali hadi mwisho.

Hali ilikuwa hiyohiyo katika saratani. Mnamo 1956 alichapisha katika jarida la Science makala iliyorudia kwa ukali kuwa upumuaji ulioharibika ndio chanzo cha ugonjwa. Mwanakemia wa Marekani Sidney Weinhouse alimjibu katika jarida hilohilo, akionyesha kwamba seli nyingi za saratani hupumua vyema. Ni kweli zinachachusha sukari, lakini si kwa sababu mtambo wa kupumua umekufa. Mtambo upo na unafanya kazi.

Warburg hakutikisika. Mnamo 1966, akiwa na miaka 82, aliwahutubia washindi wenzake wa Nobel huko Lindau na kushikilia msimamo uleule. Nyumbani alikuwa ameingiwa na hofu ya kemikali katika vyakula. Alitaka mboga zilizokuzwa bila dawa na mkate uliookwa nyumbani kwake. Mnamo 1968 alianguka kutoka kwenye ngazi na kuvunjika mfupa wa paja. Hakupata tena nguvu zake za awali, na miaka miwili baadaye damu iliyoganda ikaziba mapafu yake.

Miaka 6 baada ya kifo chake yalitokea mambo mawili yaliyoonekana kwenda pande tofauti. La kwanza, mnamo 1976, ni kwamba Michael Bishop na Harold Varmus wa Marekani walionyesha kuwa jeni inayoweza kuzua saratani ina chimbuko lake katika jeni za kawaida za seli yenye afya. Ugunduzi huo uliwapa Nobel ya 1989 na kuufanya utafiti wa jeni kuwa njia kuu.

Saratani ya utumbo mpana ndiyo iliyokuwa mfano bora wa njia hiyo. Mnamo 1990, Eric Fearon na Bert Vogelstein walieleza jinsi kinyama kidogo kinachoota katika ukuta wa utumbo kinavyogeuka hatua kwa hatua kuwa saratani kadiri jeni moja baada ya nyingine inavyoharibika. Jeni za APC na KRAS zikawa majina ya kawaida kwa madaktari. Katika maelezo hayo, asidi ya laktiki ya Warburg haikuwa na mahali pa kukaa.

Tukio la pili la 1976 lilipita kimya zaidi. Mwezi Agosti, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, watu wa kwanza walidungwa aina ya glukosi iliyotiwa chembe ya mnururisho ili ionekane kwa mashine. Kwa kuwa uvimbe mwingi wa saratani una ulafi wa glukosi, sukari hiyo hujikusanya ndani yake na kung'aa kwenye picha. Leo uchunguzi huo, unaoitwa PET, hutumika kote duniani kutafuta saratani ilikoenea, na Nairobi ni miongoni mwa miji yenye hospitali zilizo na mashine hizo. Daktari humtaka mgonjwa akae bila kula kwa saa kadhaa kabla ya kupimwa ili sukari ya chakula isiharibu picha.

Mashine hiyo ni ushahidi kuwa Warburg aliona sawasawa. Lakini ilibaki kueleza kwa nini seli ambayo mtambo wake wa kupumua ni mzima huchagua kupoteza sukari. Jibu lilitoka kwa wale waliokuwa wakichunguza jeni.

Mnamo 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliziweka seli za saratani ya utumbo mahali penye glukosi haba. Nyingi zilikufa. Miongoni mwa zilizosalia, zipo zilizopata kasoro mpya katika jeni ya KRAS. Ilidhihirika kwamba KRAS iliyoharibika huifanya seli iweke milango mingi zaidi ya kuingizia sukari, na hivyo kuipa nafasi ya kustahimili njaa. Jeni hiyo huwa na kasoro katika takriban asilimia 40 ya saratani za utumbo mpana.

Utafiti mwingine uliotolewa mnamo 2014 ulionyesha kwamba ishara zinazopotoka APC inapoharibika huichochea seli ya utumbo kuuzuia mzigo wa sukari usiingie katika mitokondria, yaani vile viwanda vidogo vya nguvu vilivyo ndani ya seli. Kiwanda hakijavunjika, aliyefungwa ni mlango wake.

Kwa hivyo, pande mbili zilizodhaniwa kupingana zimekutana. Jeni huharibika, na zikiharibika hubadilisha umetaboli, yaani jinsi seli inavyogeuza chakula kuwa nguvu na vijenzi. Seli inayogawanyika haraka haihitaji nguvu peke yake. Inahitaji pia malighafi ya kujengea seli mpya, na sukari isiyochomwa hadi mwisho huacha malighafi hiyo. Ubadhirifu alioushangaa Warburg una faida kwa uvimbe, ingawa ni hasara kwa mgonjwa.

Utumbo wenyewe una sifa nyingine inayoufanya uwe wa kipekee. Seli za kawaida za utumbo mpana hazitegemei sana glukosi. Hupendelea butireti, asidi ndogo inayotengenezwa na bakteria wanapochachusha nyuzinyuzi za vyakula kama maharagwe, mboga na nafaka zisizokobolewa. Seli ikigeuka kuwa ya saratani huiacha butireti na kukimbilia glukosi. Butireti isiyochomwa hulundikana ndani yake, na majaribio ya maabara yameonyesha kuwa huweza kupunguza kasi ya ukuaji wake.

Matokeo hayo yanaukumbusha ulimwengu kazi ya Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Baada ya kuona jinsi saratani ya utumbo ilivyokuwa nadra miongoni mwa wagonjwa wa Afrika waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, Burkitt alitoa hoja mnamo 1971 kuwa lishe iliyokobolewa ndiyo iliyochangia wingi wa ugonjwa huo katika nchi tajiri. Warburg alikuwa ameaga dunia mwaka mmoja kabla, na wawili hao waliuendea utumbo kwa njia tofauti kabisa.

Swali kuu kwa mgonjwa ni kama elimu hii imeleta tiba. Jibu la kwanza ni kwamba dawa ya kale zaidi ya saratani ya utumbo tayari inalenga umetaboli. Charles Heidelberger wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliizindua mnamo 1957, baada ya kufahamika kwamba uvimbe wa ini la panya hutumia kwa wingi urasili, moja ya vijenzi vya chembe za urithi. Alitengeneza urasili bandia ambayo seli huimeza kwa pupa, kisha ikashindwa kuendelea kujijenga. Dawa hiyo, fluorourasili, pamoja na vidonge vya capecitabine vinavyogeuka kuwa dawa hiyohiyo mwilini, bado ni nguzo ya matibabu, Kenya ikiwemo.

Majaribio mapya yamekuwa na panda shuka zake. Mnamo 2015 watafiti mjini New York walionyesha kuwa vitamini C kwa kipimo kikubwa mno huua seli za saratani ya utumbo zenye kasoro ya KRAS na kupunguza uvimbe katika panya, kwa sababu huingia kupitia milango ileile ya sukari. Lakini jaribio kubwa nchini China, lililowahusisha wagonjwa zaidi ya 400 na kuchapishwa 2022, halikuonyesha kwamba kuongeza vitamini C iliyodungwa mshipani kwa dawa za kawaida kuliwasaidia wagonjwa kwa jumla kukaa muda mrefu zaidi kabla ya ugonjwa kuzidi.

Watafiti wengine huko Cleveland walibaini mnamo 2016 kuwa saratani za utumbo zenye kasoro katika jeni ya PIK3CA hutegemea sana glutamini, kijenzi kimojawapo cha protini. Kuziba njia hiyo kulipunguza uvimbe katika panya, ila hakujawa tiba ya kawaida ya binadamu. Panapo ushindi wa wazi ni katika saratani nyingine: mnamo 2017 Marekani iliidhinisha enasidenib, dawa ya aina fulani ya saratani ya damu, inayozuia kimeng'enya cha umetaboli kilichopotoka. Hilo linaonyesha kuwa mlango uko wazi, ingawa kwa utumbo bado haujapitika vizuri.

Kinachopaswa kueleweka ni kwamba hakuna lolote kati ya haya linalothibitisha kuwa mgonjwa akiacha sukari atauua uvimbe kwa njaa. Mwili hujitengenezea glukosi, na ini huhakikisha kwamba haikosekani katika damu. Mgonjwa anayejinyima chakula hudhoofika kabla ya uvimbe, na aliyedhoofika hushindwa kuvumilia dawa. Vivyo hivyo, maji au vyakula vinavyodaiwa kuondoa asidi haviwezi kubadilisha damu, kwa kuwa mapafu na figo hudhibiti hali hiyo wakati wote. Kupunguza soda na kutonenepa kupita kiasi kuna manufaa yake katika kinga, lakini kinga ni jambo moja na tiba ni lingine.

Katika saratani ya utumbo, muda una thamani kuliko poda yoyote. Damu katika choo, mabadiliko ya haja kubwa yasiyokoma, kupungua uzito au kuishiwa damu bila sababu ni dalili za kumwona daktari, kwani kinyama kikiondolewa mapema hakipati nafasi ya kuwa saratani, na uvimbe ukigunduliwa kabla haujaenea mara nyingi hutibika kwa upasuaji. Anayepoteza miezi akinywa maji ya bei ghali kwa jina la Warburg huupa ugonjwa nafasi ya kusafiri hadi kwenye ini na mapafu.

Warburg mwenyewe angekuwa wa kwanza kudai vipimo. Mafanikio yake makubwa yalianza pale alipotarajia jambo moja, chombo kikamwonyesha jingine, naye akakiamini chombo. Kosa lake lilikuja baadaye, vipimo vya wenzake vilipompinga na yeye akaamini maelezo yake. Vichupa vyake vya 1923 vilisema kweli, na wanaotafuta dawa za saratani ya utumbo bado wanajenga juu ya kweli hiyo.